Kiti cha Twiga

"Miguu yake inaning'inia kama nguo kwenye kamba, halafu wewe unaniambia mtoto yuko tayari," mama alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye kiti cha pikipiki alichokuwa akikivalisha ngozi mpya.

"Dada, mtoto anakua," mjomba alijibu. "Ukimnunulia kiatu, si unaacha nafasi ya kidole?"

"Kiatu hakimwangukii mtu mguuni."

Bunduki ya pini mkononi mwake ilidakia, ta, ta, ta, kana kwamba nayo ilikuwa upande wa mama. Chiriku alisimama katikati yao akiuma ukucha, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Ugomvi huu ulianza wakati wa chai ya asubuhi, ukalala kidogo alipokuwa shuleni, na sasa alipoutua mkoba aliukuta umeamka na nguvu mpya.

Mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza wala kutulia mahali pamoja. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwembamba, mwepesi, mwenye kutumia mkono wa kushoto. Mama yake alikuwa fundi wa viti vya pikipiki. Alikata sponji, akashona ngozi, akapiga pini, na wateja walisema kiti chake hudumu kuliko injini. Upande wa pili wa ukuta wa mabati palikuwa na gereji ya mjomba, mdogo wake mama, ambaye zamani alishindana katika mbio za pikipiki za vumbi na hadi leo hakuchoka kuzisimulia.

Sasa zamu ilikuwa ya Chiriku. Klabu ya mbio ilikuwa imempokea katika kundi la wanaoanza, na kocha alikuwa amemkabidhi mjomba pikipiki mbili azisafishe na kuzikagua, ili mtoto achague moja. Mbio zake za kwanza zilikuwa Jumapili. Kesho, Jumamosi, yalikuwa mazoezi ya mwisho, na huko kocha alitaka kusikia jibu.

Ya kwanza ilikuwa ndefu, nyekundu, yenye injini ya kunguruma. Vijana wa klabu waliiita Twiga. Ya pili ilikuwa fupi, ya bluu iliyopauka, imekwaruzwa kila upande na wanafunzi wote walioanguka nayo. Hiyo waliiita Mbuzi.

"Kanuni ya kocha ninaijua," mama alisema. "Anayeanza akikaa kwenye pikipiki, nyayo zote mbili ziguse chini. Siku nyayo zikigusa, hata ikiwa leo, apande huyo Twiga wenu. Zisipogusa, ni Mbuzi, na sitaki kusikia kelele."

"Hata ikiwa leo, mama?" Chiriku aliuliza.

"Nimesema hata leo. Mimi nina mazoea ya kusema nisichomaanisha?"

"Hapana, mama."

Mjomba alicheka, akamkonyeza mpwa wake na kurudi gerejini. Chiriku alimfuata, akapanda juu ya Twiga kwa mara nyingine tena. Vidole vya mguu wa kushoto viligusa sakafu. Ule wa kulia ulipapasa hewa. Akashuka, akazunguka, akapanda tena kwa upande mwingine, kana kwamba upande huo sakafu ilikuwa juu kidogo.

"Unamkwea kama mnazi," sauti ilisema mlangoni. Alikuwa Bonge, mwenzake wa dawati moja shuleni, aliyejiunga na klabu pamoja naye. Bonge alikuwa na mwili na miguu ya kaka mkubwa. "Chukua tu Mbuzi. Ila ubebe na majani, asije akagoma katikati ya mbio kwa njaa."

"Nenda zako."

"Ninaenda. Jumapili nitawaambia watu wapige kelele za kumfukuza shambani."

Bonge aliondoka akilia kama mbuzi barabara nzima. Chiriku alibaki ameshika usukani wa Twiga, mashavu yakimwaka. Alijiona Jumapili, watu wamejipanga kando ya njia, wote wanalia vilevile.

Alasiri ile mama alikwenda kupeleka viti kwa mteja. Mjomba naye alitoka kutafuta plagi ya injini. Karakana ilikaa kimya. Kisu kirefu cha sponji kilikuwa mezani, bunduki ya pini kando yake.

Chiriku hakupanga. Mikono ilimtangulia. Alifungua bolti za kiti cha Twiga, akakigeuza, akang'oa pini, akaivua ngozi. Sponji ya klabu ilikuwa ngumu na nene. Aliikata katikati, kipande baada ya kipande, hadi karibu na plastiki ya chini. Kisha akaivuta ngozi, akaikunja ziada kwa ndani, akapiga pini upya. Tangu akiwa mdogo alimsaidia mama, na kazi ile aliijua. Alipokirudisha kiti mahali pake, hata yeye mwenyewe alikiri moyoni kwamba mgeni asingetambua.

Vipande vya sponji alivisukuma ndani ya gunia la mabaki, akavifunika kwa vitambaa.

Jua lilipokuwa likizama aliwaita. "Mama, njoo uone. Mjomba, njoo."

Mama alikuja na mteja mmoja akimfuata nyuma. Chiriku alikuwa amekaa juu ya Twiga, nyayo zote mbili sakafuni.

"Si nilisema," mjomba alisema, akipiga makofi. "Mtoto anakua. Amekua ndani ya siku moja."

Mama alimtazama Chiriku kuanzia kichwani hadi chini. "Vua viatu."

Chiriku alivua. Hakukuwa na kitu ndani ya viatu. Nyayo bado ziligusa. Mama alikunja uso kama fundi aliyepima kitambaa mara mbili na kupata urefu tofauti, lakini mteja alikuwa akihimiza, na giza lilikuwa linaingia.

"Haya," alisema. "Neno langu ni neno. Kesho utapanda Twiga."

Chiriku alikuwa ameisubiri furaha ya dakika ile tangu asubuhi. Ilipofika hakuweza kuishika. Alizungukazunguka uani, akafagia mahali palipokwisha kufagiliwa, na asubuhi iliyofuata chai ilimshinda.

Uwanja wa mazoezi ulikuwa mahali palipochimbwa udongo wa matofali zamani. Njia ilipanda matuta, ikashuka, ikapinda vikali kwenye kona tatu. Kocha, mwanamke mmoja mrefu ambaye siku za kazi huendesha gari la wagonjwa, alisimama juu ya pipa akipiga filimbi. Injini zilinguruma, vumbi likapanda. Chiriku alivaa helmeti, akapiga kiki, Twiga akaitikia kwa mngurumo uliomtetemesha hadi meno.

"Kwenye kona sogea mbele, karibu na tangi," kocha alisema. "Uzito ukibaki nyuma, tairi la mbele linateleza. Twende."

Tangu alipoondoka Chiriku alijua kuna jambo haliko sawa. Alikaa ndani ya shimo alilolichonga mwenyewe, kama mtoto ndani ya beseni, magoti juu, usukani ukimkabili kifuani. Kwenye tuta la kwanza alirushwa kidogo, akarudi chini, na mfupa wa kitako ukagonga plastiki. Machozi yalimtoka. Kona ya kwanza ikawadia. Alijaribu kusogea mbele, lakini shimo lilimshika. Akavuta mwili mara ya pili, tairi la mbele likateleza, na Twiga akalala chini taratibu, kama ng'ombe aliyechoka, juu ya mguu wake.

Bonge ndiye aliyefika kwanza. Alizima injini bila utani wowote na kuinua pikipiki kiasi cha Chiriku kuutoa mguu. Goti lilichubuka, buti lilikuwa limeokoa yaliyobaki.

"Inua pikipiki yako," kocha alimwambia alipofika. "Kwenye mbio hakuna wa kukusaidia."

Chiriku aliinama, akavuta, akasukuma kwa bega. Twiga hakutikisika. Wengine walikuwa wanapita, wakimrushia vumbi.

Kocha na Bonge waliiinua na kuikokota hadi kando. Hapo kocha aliikagua, akapitisha mkono kwa nyuma, akakunja uso. Akamgeukia mjomba, aliyekuwa amekuja na spana zake.

"Fundi, nilikupa pikipiki nzima. Mtoto alikaa chini kabisa, nimemwona kwa macho yangu. Umelegeza springi za nyuma ili afikie."

"Sijazigusa, Kocha."

"Basi zimejilegeza zenyewe? Mimi huwabeba waliovunjika miguu kila wiki. Siwezi kuwa na fundi anayefanya majaribio kwa mtoto. Kusanya spana zako, na usizilete tena hapa."

Mjomba alipiga magoti vumbini, akaanza kupapasa springi, bolti kwa bolti.

"Labda nilisahau kukaza," alinong'ona. "Labda ni mimi."

Mama alikuwa amekuja mbio kutoka upande wa watazamaji. Aliutazama mguu wa Chiriku kwanza, akaupinda, akaukunjua, akaridhika. Kisha, kwa mazoea ya kazi yake, aliweka kidole gumba juu ya kiti na kubonyeza. Kidole kilizama. Akainama akachungulia ukingo wa chini. Pini zote zilikuwa zimelalia upande mmoja, jinsi zinavyolala zinapopigwa na mtu wa mkono wa kushoto.

Mama alinyanyuka, akamtazama binti yake. Alifuta kidole kwenye nguo, akangoja.

Chiriku alijua kwamba mama amejua. Mbele yake mjomba bado alikuwa magotini, akitafuta kosa ambalo hakulifanya.

"Mjomba, acha," alisema. "Springi ni nzima. Nilikata sponji. Nilikifungua kiti jana mlipotoka, nikakata, nikapiga pini upya. Ni mimi peke yangu."

Mjomba aliacha kupapasa. Kocha alimtazama mama, mama akaitikia kwa kichwa.

"Kwa nini?" kocha aliuliza.

"Sikutaka Mbuzi. Watu wangenicheka."

Bonge aliyatazama mabuti yake. "Mimi ndiye niliyemcheka," alisema. "Lakini sikumwambia akate kiti."

"Hakuna aliyesema ulimwambia," mama alimjibu.

Kocha aliinama, akampa mjomba mkono na kumwinua. "Nisamehe, fundi. Nilikuhukumu haraka."

"Nimezeeka ghafla, lakini nitapona," mjomba alisema, akijipangusa magoti. Kisha akamtazama Chiriku, na utani ukamwisha. "Na mimi nina langu. Nilimpigia debe Twiga kwa sababu mimi mwenyewe ningemtaka. Sikuuliza miguu ni ya nani."

Mama alimsogelea binti yake. Chiriku alingoja kufokewa. Mama hakupaza sauti.

"Sponji ni ya kununuliwa, hiyo hainiumizi. Kinachoniuma ni hiki. Kile kipimo cha nyayo hakikuwekwa ili kunifurahisha mimi, kiliwekwa ili kikulinde wewe. Ulipokidanganya, ulibaki bila ulinzi, na sisi wote tukidhani unao. Halafu mjomba wako nusura afukuzwe kwa kazi ya mkono wako. Umeona uwongo ulivyofika mbali kwa siku moja?"

"Nimeona, mama."

"Umesema kweli kabla sijakutaja. Hilo nimeliona pia. Usilie, helmeti itajaa maji. Sasa uamuzi ni wako. Unafanya nini?"

Chiriku hakuhitaji kufikiri. Alichukua spana kutoka mkononi mwa mjomba, akafungua bolti za kiti cha Twiga, akakitoa na kumpa mama.

"Leo jioni nitakijaza sponji mpya mwenyewe," alisema. "Nene kama ilivyokuwa."

"Na utakipeleka kwa kocha kwa miguu yako," mama alisema, akikibana kiti kwapani.

Mbuzi alikuwa ameegeshwa karibu na pipa, mikwaruzo yake ikimeta juani. Chiriku alimpanda. Nyayo mbili zilikaa chini zote, visigino na vidole, na kwa mara ya kwanza tangu jana mguu wake haukuwa na haja ya kutafuta kitu.

"Mlaze," kocha aliamuru. "Halafu umwinue."

Chiriku alimlaza Mbuzi vumbini. Akachuchumaa, akashika usukani na ukingo wa kiti, akanyanyuka kwa nguvu za mapaja. Mbuzi akasimama.

"Huyo ndiye wako," kocha alisema. "Ukishamzoea na miguu yako ikirefuka, tutazungumza tena."

Bonge alipita na pikipiki yake, akapunguza mwendo. Alifungua mdomo kama anayetaka kulia kama mbuzi, akamwona mama, akaufunga. "Kona ya kwanza ina mchanga," alisema badala yake. "Pitia upande wa ndani."

Chiriku alipiga kiki. Injini ndogo ikawaka mara moja, ikidunda kwa haraka kama moyo wake.

"Utazame njia, usinitazame mimi," mama alisema.

Chiriku alitia gia, akasogea mbele hadi karibu na tangi, akaingia njiani nyuma ya Bonge.