Moyo wa Mgonjwa Namba Saba

Fundi mmoja alitoka chumba cha upasuaji, akavuka mstari mwekundu wa mlangoni akiwa bado na mifuko ya kufunikia viatu miguuni.

Hapo Popo akajua si fundi wala nini. Watu wa chumba cha upasuaji huivua mlangoni, hata wawe na haraka kiasi gani.

"Kituo, nimempata," alinong'ona kwenye redio. "Anashuka ghala la chini."

"Una dakika kumi na saba kabla ya upasuaji, Popo. Usimpoteze."

Jasusi Popo aliruka ngazi tatu tatu. Kadi iliyokuwa mfukoni mwa mwizi ilibeba moyo wa mgonjwa namba saba, kila mshipa na kila vali, uliopimwa kwa wiki tatu na kujengwa upya ndani ya kompyuta. Daktari alikuwa ameupasua moyo huo wa kompyuta mara arobaini. Alikosea mara thelathini na tisa, wala hakufa mtu. Sasa mwizi alikuwa ameufuta kwenye mitambo yote, ili wanunuzi wake wa ng'ambo wabaki nao peke yao. Bila kadi ile, daktari angekata kwa kubahatisha. Kusubiri upimwe upya haikuwezekana. Moyo wenyewe ulikuwa umechoka mno.

Mgonjwa namba saba alikuwa mama yake mzazi.

Kituo kilijua.

Ghalani mwizi aligeuka, bastola ya Glock mkononi. Popo naye alikuwa na yake.

"Haya, piga basi," Popo alisema, akimwonyesha mitungi ya oksijeni iliyowazunguka. "Twende wote."

Mwizi aliikodolea macho mitungi. Popo akamvaa, akamtwanga kiwiko cha shingo, akamfunga pingu kwenye bomba.

Akaitoa kadi mfukoni mwa mwizi, akaichomeka kwenye simu yake kuihakiki. Moyo ukatokea kwenye kioo, ukidunda taratibu. Miaka tisa hakuwa amemwona mama. Sekunde tano zilitosha kwa kazi ile, lakini aliutazama mpaka Kituo kikamwita mara mbili.

Juu, injinia wa kompyuta aliipokea kadi, akakimbilia ndani. Zilibaki dakika nne.

Kwenye benchi la nje, nesi alikuwa amemwinamia mwanamke mmoja, karatasi ya idhini ya upasuaji mkononi.

"Dada, kuna ndugu mwingine wa kusaini nawe?"

"Tumebaki mimi na mama tu. Kaka yangu alifariki, mwaka wa tisa huu."

Popo alimtambua dada yake kwa sauti. Sura ilikuwa imekonda. Ofisi yake ya ujasusi ndiyo iliyojifanya kumzika Popo, jeneza lenye mchanga ndani likiwa limepigiliwa misumari, ili maadui wasije wakaifuata familia. Leo alisimama hatua mbili tu kutoka kwa dada yake, ndani ya ovaroli ya fundi na barakoa.

"Pole, dada," alisema.

Dada yake aliinua macho, akamtazama kama mtu anavyomtazama mpita njia mwenye adabu.

"Asante, fundi. Nilishapoa."

Akasaini peke yake.

Taa nyekundu ikawaka juu ya mlango. Saa tatu kamili, upasuaji ukaanza. Popo akauchukua mkoba wake wa zana, akaenda zake kwenye lifti bila haraka.

"Popo, kazi imekwisha?" Kituo kikauliza.

"Imekwisha," alijibu, akabonyeza kitufe cha kushuka.