Chupa ya Maji Iliyozibwa kwa Nta

Jua lilikuwa linazama fundi cherehani alipofika kwenye duka la vitu vya kale, akiburuta sanduku la bati. Hakutaka kulibeba. Aliliburuta makusudi, likwaruze lami, lipige kelele, na kama marehemu husikia basi asikie.

Marehemu alikuwa baba yake. Walikuwa wamemzika majuzi tu, na watu walimlilia kama shujaa wa vita. Yeye hakutoa hata chozi. Sanduku lile lilijaa vitu vya vitani ambavyo mzee alivisugua kila jioni kwa kitambaa laini, huku wanawe wakinyata ndani ya nyumba kama wezi. Siku moja mama yao alisogeza nishani ili afute vumbi.

Mzee akamvunja mkono.

Mkono ule haukunyooka tena mpaka mama anaingia kaburini.

"Shikamoo," fundi alisema, akihema.

"Marahaba, mwanangu. Taratibu na sakafu yangu, nayo ni ya kale."

Mwenye duka mtaa mzima ulimwita Bwana Kutu, maana hata masharubu yake yalikuwa na rangi ya msumari ulionyeshewa. Birika lake la chai lilikuwa likichemka juu ya jiko, pembeni.

"Nataka uniambie thamani ya kila kitu, kisha ubaki navyo," fundi alisema. "Hata kimoja hakirudi nyumbani."

Bwana Kutu alivaa miwani, akaanza kuvitoa kimojakimoja. Kofia ya chuma aliigeuza, akachungulia ndani. Bitana ilikuwa imebadilishwa, hilo liliishusha thamani. Singe, kile kisu cha mdomoni mwa bunduki, aliichomoa alani, akapitisha kidole kwenye bapa lake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hiyo wakusanyaji wangeigombania. Mwisho akamimina nishani kiganjani. Alizitazama muda mfupi sana.

"Hizi je?" fundi aliuliza.

"Hizi walipewa wote, mwanangu. Mpishi, dereva, aliyepigana na aliyejificha. Zimejaa tele. Thamani yake..." Alisita. "Ni kama kifungo cha koti."

Fundi alicheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kisicho na furaha hata chembe.

"Kifungo! Mimi vifungo ninavyo kopo zima. Si angesema? Ningempa vyote, amwachie mama mkono wake."

Bwana Kutu aliinamia tena sanduku. Mkono wake ulikuwa umegusa kitu chini kabisa ya sanduku. Alikitoa polepole. Ilikuwa chupa ya maji ya askari, ya bati, imevikwa turubai lililochakaa. Mdomo wake ulizibwa kwa nta nyeusi, ukafungwa waya juu yake.

Aliitikisa.

Ndani, maji yalicheza.

"Imefungwa tangu lini?" alinong'ona.

"Tangu sijazaliwa."

Bwana Kutu alifunua turubai, akaisogeza chupa kwenye taa. Namba ilikuwa imechongwa kwenye bati. Akachukua kofia, akalinganisha na namba iliyokuwa ndani yake. Akairudisha chupa sandukuni haraka, kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Namba hii si ya baba yako. Ichukue uende nayo."

"Nimeshasema hakirudi kitu nyumbani."

"Mwanangu, mimi nanunua vitu vilivyoachwa. Hiki hakijaachwa."

"Mwenyewe keshaoza!"

Hasira zote za miaka zilimpanda mara moja. Alinyakua singe, akakata waya, akaanza kubandua nta. Bwana Kutu alinyoosha mkono kumzuia, lakini nta ilikuwa imeshapasuka.

Harufu ikatoka. Matope... majani yaliyoungua... na kitu kingine, kitamu kidogo, kama kidonda kilichofungwa siku nyingi.

Birika likanyamaza.

Bwana Kutu alifunua kifuniko chake. Lilikuwa kavu. Kikombe chake cha chai mezani, nacho kavu. Majani ya chai yalikuwa yamegandia chini kama vumbi.

Kisha mlango ukagongwa, kwa upole kabisa.

"Hodi..."

Hakuna aliyesema karibu. Mlango ulifunguka hata hivyo. Kijana mmoja alisimama pale, amevaa koti refu lililopauka. Midomo yake ilikuwa imepasukapasuka. Alipoifumbua, mchanga ulidondoka.

"Naomba changu," alinong'ona.

Bwana Kutu alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota rafu. Fundi hakurudi. Hata kama miguu ingekubali, asingekimbia. Alikuwa amekimbia vya kutosha ndani ya nyumba ya baba yake.

Kijana alimtazama usoni kwa muda.

"Una macho yake. Alisema anakwenda kunijazia. Alisema nisilale."

"Baba amekufa," fundi alisema. "Na mimi si baba. Chukua chupa yako uondoke."

Kijana aliinua mikono kwa shida. Vidole havikukunjika. Vilipita ubavuni mwa chupa kama matawi makavu.

"Ninyweshe."

Fundi alisaga meno. Kwa baba yake asingeinua hata kidole. Lakini huyu alikuwa kijana tu, na kiu haina upande vitani. Akaipeleka chupa kwenye ile midomo, akaiinamisha.

Gu... gu... gu...

Alikunywa kwa macho yaliyofumbwa. Akanywa. Akaendelea kunywa, hata maji yakapita kiasi cha chupa ile, hata yakapita kiasi cha ndoo. Na chupa haikupungua uzito.

Ndipo fundi alipohisi ulimi wake umegandia kaakaani. Macho yalianza kumkwaruza. Mikono iliyoshika chupa ilikuwa imekunjamana ngozi, kama mikono ya kikongwe.

Yalikuwa maji yake mwenyewe.

"Basi!" Aliing'oa chupa kinywani mwa yule kijana. Sauti ilimtoka kama kitambaa kinachochanwa. "Yako yamekwisha! Haya ni yangu! Mama alilipa, mimi nimelipa, sasa basi!"

Kijana alifumbua macho. Hakuonekana amekasirika. Alionekana kama mtu aliyeamshwa.

"Samahani," alisema. "Sikujua yamekwisha."

Akatoka bila kufunga mlango. Chupa mkononi mwa fundi ilikuwa tupu, nyepesi, na ina joto.

Bwana Kutu aliapa hatabaki na kitu hata kimoja. Fundi alimwachia vyote sakafuni, akaondoka hata hajauliza bei. Hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa shangazi yake, dada wa pekee wa marehemu, aliyeishi peke yake nyuma ya soko. Alikunywa maji jagi zima amesimama, kisha akamweleza.

"Ulijua?" aliuliza.

Shangazi aliinamisha kichwa.

"Alinieleza mara moja tu, ana homa. Mwenzake wa vitani alivunjika miguu. Baba yako akachukua chupa ya mwenzake, akaenda mtoni, akajaza. Alipogeuka kurudi, akasikia anaitwa. Ilikuwa sauti ya yuleyule mwenzake... lakini ilitokea nyuma yake, ndani ya maji. Akakimbia. Hakurudi kutazama. Ile chupa akaiziba kwa nta, na hakuifungua tena."

"Na hasira zake akazimalizia kwa mama."

Shangazi alichukua jagi tupu, akaliweka mbali. Baadaye akauliza, kwa sauti ndogo sana:

"Alikunywa akashiba?"

"Sikumwacha ashibe."

Shangazi aliinuka, akatia komeo mlangoni, akapunguza taa.

"Basi tunyamaze. Waliokufa kwa kiu kule ni wengi. Mtu akiomba maji, usiitikie."

Fundi alimtazama. Kunyamaza! Ndiyo kazi aliyofanya mama yake mpaka kufa. Alikwenda mlangoni, akavuta komeo, akaufungua mlango wazi.

"Sinyamazi kwa ajili ya vita vyake," alisema. "Kama kuna anayedai, aje aniambie usoni."

Uani kulikuwa kimya. Kisha, gizani, karibu na bomba, mtu alimeza mate.

Halafu mwingine.