Gari la Chai la Marlby

Kengele ya gari la chai ililia. Hester Colley akaiacha miavuli ya marubani, ya kurukia toka angani, ikining'inia ghalani, akachukua kikombe chake cha bati.

Kila asubuhi ilikuwa hivyo katika kambi ya Marlby. Wanafunzi wa urubani mbele, wasichana wa jeshi nyuma, na Muriel Tranter dirishani mwa gari, akimimina chai na kumtania kila kijana.

Leo alimtilia mwanafunzi Clement Rudd vijiko viwili vya sukari.

Viwili! Vita hivi, na sukari yenyewe ya mgawo.

"Kunywa, rubani wangu," Muriel alisema. "Ukianguka, angalau uanguke mtamu."

Clement akacheka hadi meno ya mwisho. Hester akaangalia chini. Ni yeye aliyemkunjia Clement mwavuli wake tangu majira ya baridi, akiilaza ile hariri kama anayelaza mtoto, na hajawahi kumwambia neno zaidi ya "Kaza mkanda."

"Colley! Simu!"

Akaondoka na kikombe kitupu.

"Shangazi anaumwa," sauti ilisema. Bwana Gisborne, kutoka London. Pale Marlby hakuna aliyejua kwamba mkunja miavuli huyu ana mkubwa mwingine, wa ujasusi.

"Anaumwa nini?"

"Macho. Yameibwa darasani alfajiri."

Macho: kile kisanduku kipya, kidogo kama kopo la biskuti, kinachomwonyesha rubani ndege ya adui gizani. Kikivuka bahari, vijana wa Marlby watakuwa wanaruka kwenda kuchinjwa.

"Nani kayachukua?"

"Hatujui. Tumemkamata mpokeaji wake tu. Anasema yatatoka lango kuu, mchana kweupe. Unamshuku mtu?"

"Ndiyo," Hester alijibu upesi mno. "Mtu wa chai."

"Una ushahidi?"

Dirishani, Hester aliona gari la chai likielekea langoni.

"Colley. Hilo ni jicho linalosema, au moyo?"

Hester alikata simu.

Aliliwahi gari la chai langoni. Mkono wake ulikuwa ndani ya koti, juu ya bastola ya Webley.

"Shuka, Muriel."

"Nishuke, kuna nini?"

Hester alifunua birika kubwa. Akapekua mikate. Akainua kiti cha dereva. Hakuna kitu.

"Unatafuta nini humo, shoga?" Muriel aliuliza, mikono kiunoni. "Clement? Hatoshei!"

Walinzi walicheka. Hester alihisi masikio yakiwaka.

Clement mwenyewe alikuja mbio. "Kuna nini hapa?" Na mkono wake, bila kufikiri, ukatua begani mwa Muriel. "Pole. Amekutisha?"

Hester aligeuza uso asiuone ule mkono.

Ndipo akaona.

Afisa mmoja alikuwa anapita langoni juu ya pikipiki ya Norton, mfuko begani. Mlinzi alimpigia saluti. Mabawa ya rubani yaling'aa kifuani mwake.

Na kwenye kofia yake, mbele, kitambaa cheupe.

Kitambaa hicho ni cha mwanafunzi. Kijana wa Marlby akifuzu na kushonewa mabawa, hukichomoa papo hapo, hata kwa meno. Hakuna aliye hai anayevaa vyote viwili.

Hakuna, ila mtu aliyeiba sare mbili.

"Muriel, washa gari!"

"Sasa hivi nilikuwa mwizi, sasa nimekuwa—"

"Washa!"

Gari lilinguruma. Hester alisimama kwenye kipandio, amening'inia mlangoni. Barabara ilinyooka kando ya mfereji kama imepigwa rula. Mwenye Norton aligeuka nyuma.

Bastola ya Luger.

Risasi ilitoboa birika. Chai ikaruka kama bomba lililopasuka.

"Mungu wangu, chai ya kambi nzima!" Muriel alipiga kelele, na kukanyaga mafuta zaidi.

Hester alilenga gurudumu. Akafyatua.

Norton ilitumbukia mferejini.

Muriel alifunga breki, akaruka chini kabla ya Hester. Kosa. Yule mtu aliinuka katika matope, Luger mkononi, mdomo wa bastola ukimwelekea Muriel kifuani.

Pigo moja la moyo, Hester hakufanya kitu.

Pigo moja tu. Alilisikia lote.

Kisha akafyatua. Luger ikaruka majini, na yule mtu akapiga magoti akiushika mkono wake. Ndani ya mfuko, kimefungwa kwa soksi, kisanduku kilikuwa kizima.

Muriel alimgeukia Hester. "Ulichelewa," alisema polepole.

"Nilichelewa."

"Kwa sababu ya Clement."

Hester alirudisha Webley ndani ya koti. "Ndiyo. Asubuhi nzima nilitaka mwizi awe wewe. Nisamehe."

"Bibi wee, una roho mbaya. Lakini una shabaha." Muriel alijifuta matope shavuni. "Hayo maneno unanipa mimi ya nini? Mwenyewe yule anakuja."

Clement alikuwa anakanyaga baiskeli, kofia imepotea. Nyuma yake walinzi, bunduki mikononi. Aliangalia mateka, akamwangalia Muriel, akamwangalia Hester.

Hester alikwapua kisanduku, akaanza kurudi kambini kwa miguu. Hatua zake hazikuwa na haraka. Alipofika usawa wa baiskeli hakusimama, wala hakupunguza sauti.

"Clement Rudd, nakupenda. Na sukari ya yule inaniua."