Mtaliano Alisema "Mzikeni"

Yaliyompata shemeji yangu Matouš yalianza asubuhi njema ya mwezi wa saba, jikoni, kukiwa na mkate wa moto na bia ya baridi, na mimi nikila vya watu. Nilikuwa mchekeshaji katika ngome ya Praha. Kazi yangu ilikuwa kuangukia makalio mbele ya wakubwa, na kazi yao ilikuwa kucheka. Hakuna aliyelalamika isipokuwa makalio.

Matouš alitunza bustani ya mboga ya Kaisari, na alimwoa dada yangu Dorota, mpishi wa jiko hilohilo. Mungu alimpa pua. Sisemi pua kama hizi zenu. Ile ilitangulia kufika mlangoni, ikabisha hodi, ikakaribishwa, ndipo Matouš akafuata.

Pua hiyo ndiyo iliyomvuta Bwana Ercole, mchoraji wa Kitaliano. Ercole alichora vichwa vya watu bila kuchora mtu. Alipanga matunda na mboga juu ya meza, hili shavu, lile paji la uso, mpaka meza ikutazame. Kisha akakichora kichwa hicho kilivyo, haraka, kabla hakijaoza. Wakubwa walivipenda vichwa hivyo kwa kuwa vilikuwa na maana nzito. Kama mazao yote yalivyokubali kuwa uso mmoja, tuliambiwa, ndivyo nchi zote zilivyokubali kuwa chini ya Kaisari mmoja. Tango halikuulizwa.

Safari hii aliagizwa achore Kiangazi. Akamwona Matouš akipalilia, akamshika mkono kama aliyempata mchumba aliyepotea.

Basi shemeji akawa anakaa kigodani kwa mchoraji kila siku, na mbele yake mezani kikawa kinaota kichwa chake: tango la kupinda kwa pua, vipande viwili vya uyoga kwa masikio, pichi mbili kwa mashavu, forosadi nyeusi kwa macho, na kwa midomo cheri mbili kubwa, pacha, za kikonyo kimoja. Vyote vilitoka bustanini kwake. Ercole alimtaka avichume kwa mkono wake mwenyewe, na kila kimoja akipumulie kabla ya kukiweka mezani. Eti rangi ikae vizuri.

"Shemeji," Matouš aliniambia tukinywa bia, "nakaa pale natazamwa na mimi."

"Unapendeza?"

"Kuliko hapa."

"Hilo hata kabichi ingelimudu."

Hakucheka. Aliniambia kwamba asubuhi ile kichwa cha mezani kilikuwa na unyevu. Si chote. Chini ya pua tu, pale pumzi inapogonga.

Picha ilipokamilika, Ercole akashuka jikoni na kapu, akamkabidhi Vavřinec, mtunza ghala. Lugha yetu ilikuwa ikichechemea mdomoni mwa Mtaliano yule kama mbuzi aliyechomwa mwiba, na jikoni tulizoea kumsubiri akosee.

"Mzikeni," akasema. "Bustanini. Leo. Mzikeni."

Vavřinec akajishika kiuno. "Matunda ni *yazikeni*, bwana wangu! *Mzikeni* ni mtu! Halafu huku kwetu tunda halizikwi. Linaliwa!"

Jiko zima likaangua kicheko. Ercole akatugeukia mmoja mmoja, asielewe tunachocheka. Akarudia kwa sauti ya chini, "Mzikeni," kisha akapanda ngazi kwenda kunawa rangi. Vavřinec akamwiga mara nyingine, vibaya kuliko hata mimi ningeweza, halafu akamsogezea Dorota kapu. Kilichotoka bustani ya Kaisari hakitupwi. Hiyo ilikuwa sheria ya ngome, na Vavřinec alikuwa mtu wa sheria, hasa zinazojaza tumbo.

Kesho yake kukawa na karamu ya mchana ya kuitundika picha. Mimi nilikuwa jikoni nikijifunga mabua ya ngano, maana nilitakiwa kuingia ukumbini kama Kiangazi mwenyewe na kuanguka. Supu ya uyoga ilikuwa imeshapandishwa. Dorota alikuwa akikata tango, na Vavřinec kasimama ubavuni akidokoa. Anachovya chumvi, anatupia mdomoni. Anachovya, anatupia.

"Tango hili lina utamu wa ajabu," akasema. "Kama la mtu unayemjua."

Matouš akaingia kutoka bustanini, kofia mkononi. "Leo mmepika nini, mke wangu? Mbona sisikii harufu?"

"Pua hiyo ikikosa harufu," nikasema huku nikigeuka, "basi Praha imehama..."

Bua la ngano likanitoka mkononi.

Pua ilikuwa nusu.

Hapakuwa na damu. Hapakuwa na jeraha. Ilikuwa imepungua tu, kama mshumaa. Vavřinec akatia kipande kingine mdomoni bila kuangalia, akatafuna, akameza. Ikapungua tena, mbele ya macho yetu.

"Usile!" Dorota akapiga kelele. "Usimeze!"

Vavřinec alikuwa na kipande cha mwisho ulimini. Kwa kushtuka tu, akakimeza.

Pale palipokuwa na pua pakabaki laini, kama yai lililomenywa.

"Mnatazama nini?" Matouš akauliza. Akawa anahema kwa mdomo. Dorota alikuwa amemshika kwa mikono miwili akilia kwa sauti ya kupasua vyungu, na mimi namwita, na Vavřinec anamwita Bikira Maria. Juu yetu, ukumbini, tulisikia vijiko vikigonga bakuli. Matouš akamtazama mkewe. Akanitazama mimi.

"Shemeji," akasema taratibu. "Mbona mnanong'ona?"

Nikazifunua nywele zake pembeni. Hapakuwa na sikio.

Dorota akanyamaza ghafla. "Mzikeni," akasema. "Alisema mzikeni, kaka. Hakukosea."

Akaligeuza kapu. Pichi zilikuwepo. Forosadi zilikuwepo. Akazikumbatia ndani ya aproni kama vifaranga.

"Cheri ziko wapi?"

Vavřinec akaonyesha dari. "Juu ya keki. Ni pacha. Niliona zitampendeza mgeni wa heshima."

Nilimtazama shemeji akihema kwa mdomo, njia pekee ya pumzi aliyobakiwa nayo, nikaelewa. Nikakimbia.

Walicheka nilipotokea tu. Mabua yananidondoka, nimekwaruzika, nalia machozi ya kweli, nao wanashika mbavu. Kiti cha Kaisari kilikuwa kitupu. Ukutani, Matouš wa mboga alitutazama sote, mzima, na pua yake yote. Chini yake alikaa Bibi Kunegunda wa Vienna, mgeni wa heshima, aliyejua Kijerumani tu na kiburi. Alikuwa amezishika cheri kwa kikonyo. Anazizungusha. Anaonyesha wenzake, picha, cheri, picha, cheri.

Mchekeshaji ana ruhusa moja: kuiba tonge kwenye sahani ya mkubwa yeyote, mradi achekeshe. Nikaruka juu ya meza. Bata akaenda huku, mvinyo ukaenda kule. Bibi Kunegunda akaona ndio mchezo. Akacheka, akanikwepa, akafungua kinywa. Nikadaka.

Moja ilibaki mkononi mwangu.

Moja aliitafuna.

"Tena!" wakapiga kelele. "Tena! Tena!"

Jikoni nilimkuta Matouš sakafuni. Mdomo wa juu ulikuwepo. Wa chini haukuwepo. Palikuwa na mwanya mdogo, kama tundu la kifungo, na pumzi ikipita kwa mluzi mwembamba. Tulizika kila kilichobaki bustanini, kwa mikono, Dorota akifukua kwa kucha. Ercole alitukuta hapo. Hakulia. Hakutubu. Aliuangalia uso wa shemeji kama fundi anayeangalia sufuria iliyorudishwa imetoboka.

"Mlicheka," akasema, akaondoka.

Yeye alipewa cheo. Picha ilisifiwa hadi ikachosha: jinsi ilivyo hai, utadhani inapumua! Vavřinec hakugusa tango tena, na hiyo ndiyo adhabu nzito iliyopata kutolewa katika jambo hili. Sisi tulitumiwa shukrani za ngome. Zilikuwa shukrani nzuri sana. Hazikulika.

Dorota alimlisha mumewe mchuzi kwa bua la ngano, tone kwa tone. Macho yalikuwa mazima, hayo aliyaokoa. Yalimtazama kutwa. Mdomo uliobaki ulitaka kumwambia kitu, na ule mwanya unapiga mluzi tu. Alikuwa akipiga mluzi, dada yangu anainamisha sikio, anasema, "Rudia, mume wangu. Rudia." Theluji ya kwanza ilipoanguka, mluzi ukakatika, nasi tukamzika.

Wakati wa Kwaresima tulikwenda misa. Baridi ilikuwa ya kupasua mawe. Mbele yetu, kwenye kiti cha wakubwa, alikaa Bibi Kunegunda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona tangu ile karamu. Alikuwa amejifunga shela toka pua hadi kidevuni, na wajakazi wake walikaa mbali naye, kama watu waliokatazwa kusikia.

Padri akainua ostia, mkate mtakatifu. Kanisa likanyamaza.

"Dorota," ikasema shela. Kwa lugha yetu. Lugha ya udongo na jembe. Sauti nene, ya kiume. "Mwagilia matango kabla jua halijakaza."

Bibi Kunegunda akajipiga kofi mdomoni kwa nguvu zake zote.

"Dorota. Uko wapi?"

Akajipiga tena. Akasimama. Akatoka mbio, wajakazi nyuma yake, na tukasikia gari lake la farasi likiondoka kwenye mawe. Tuliambiwa baadaye kwamba alirudi kwao Vienna siku hiyohiyo, na kwamba njia nzima alikuwa akicheka kwa furaha, akiongea Kijerumani kitupu, kwa sauti yake mwenyewe.

Dada yangu alikwenda mpaka kwenye kile kiti kitupu. Nikamfuata. Juu ya mto wa kupigia magoti kulikuwa na kokwa ya cheri. Katikati ya Kwaresima, na hakuna cheri mji mzima. Ilikuwa imenyonywa ikang'aa. Nikaigusa. Ina joto.

"Iache, dada," nikanong'ona.

Dorota aliichukua. Hakujiuliza. Akaitia mdomoni, akafumba midomo yake juu yake pole kabisa, kama mtu anayembusu aliyelala, akatangulia kutoka nje.

Nilimkuta ngazini, kwenye theluji, ananisubiri. Machozi yalikuwa yamemkauka. Nikamshika mkono nikamwuliza kama anaweza kutembea.

Dada yangu, mtoto wa mama yangu, aliyeniita kaka tangu alipojifunza kusema, akanitazama kwa upole.

"Twende nyumbani, shemeji," akasema. "Njaa inaniuma."