Makombe Mlangoni

Kilianza kupotea kifuniko cha sufuria ndogo, ile ya kuchemshia maji ya mtoto. Kikafuata cha sufuria kubwa. Halafu sahani za bati na sinia la chai.

"Tumepata mwizi msomi," shemeji mtu alisema mezani. "Anaacha redio, anabeba vifuniko. Bila shaka sufuria anazo kwao."

Mdogo wa mkewe, msichana ambaye kazini walimwita Macho, alicheka hadi chai ikampalia. Dada yake hakucheka. Hakuwa amegusa chai wala mkate, na uso alikuwa ameugeuzia mlango wa chumba cha mtoto, kama mtu anayesikiliza maji yakikaribia kuchemka.

Adhuhuri ile Macho aliviona vifuniko. Vilikuwa chumbani kwa mtoto, kwa ndani ya mlango, vimesimamishwa kizingitini kimoja ubavuni mwa kingine, ukingo juu ya ukingo, na mianya imezibwa kwa viatu na mawe ya bustanini. Nyuma yavyo dada ameketi sakafuni na mtoto mapajani. Alikuwa akimpulizia. Fuuu. Kimya. Fuuu.

"Dada, unafanya nini?"

"Nampa hewa."

"Si dirisha liko wazi?"

"Basi lifunge," dada alisema, bila kumwangalia.

Familia hii iliishi kwa kuzamia. Shemeji alikuwa na kituo ufukweni, boti moja, na mitungi ya hewa iliyosimama ukutani kama askari kwenye gwaride. Kazi yake ilikuwa kuwashusha wageni chini wakaone samaki na matumbawe. Mpiga picha wa kituo alikuwa mkewe, mpaka alipopata mimba, na ndiye aliyemfundisha mdogo wake kila kitu: kuelea bila kutibua mchanga, kutoa pumzi polepole ili mapovu yasiwatishe samaki, kungoja. Juu ya yote alimfundisha kanuni moja, akairudia mpaka ikawa kero. "Mikono nyuma, macho mbele." Mpiga picha hasogezi jiwe, hachokoi shimo, hamtoi kiumbe kwake ili picha ipendeze.

Wiki chache kabla ya vifuniko kupotea, Macho na shemeji yake walizama wawili peke yao kutafuta picha ya kupeleka kwenye jarida la wasafiri. Kituo cha jirani kilikuwa kimeleta boti mpya yenye kivuli na viti laini, na wageni sasa walipita mbele ya kituo chao wakiwapungia tu mkono. Chini ya mwamba, Macho aliona pango lililozibwa kwa makombe na mawe. Katika mwanya mwembamba palikuwa na jicho.

Alikuwa pweza jike, analinda mayai. Macho alikuwa amesomea viumbe wa baharini chuo kikuu. Alijua kwamba pweza akishataga hujifungia na mayai yake, hali chochote, kazi yake ni kuyapulizia maji safi usiku na mchana, na yakishaanguliwa naye hufa. Alijua pia kwamba mwanya ule haungepitisha mwanga wa kutosha.

Shemeji alinyanyua dole gumba, yaani tupande. Macho akatikisa kidole: bado. Kisha mkono wake ukatoka nyuma, ukang'oa kombe la kwanza.

Shemeji alimtazama kwa muda. Halafu akashusha dole gumba, akawasha taa, akammulikia.

Picha ilikuwa nzuri mno. Mayai yalining'inia darini kama vishada vya shanga za kioo, kila moja na vidoa viwili vyeusi vya macho, na mama ameyakumbatia yote. Wakati wa kupanda Macho aliangalia chini mara moja tu. Samaki walikuwa wakiingia pangoni, kwanza mmoja, kisha kundi. Pweza alikuwa amenyoosha mikono yote minane mlangoni, na haikutosha.

Jarida lilipotoka picha ikiwa jaladani, wageni walirudi. Dada aliishika karibu na dirisha, akaiinamia kwa muda mrefu.

"Mwanga wote huu mliupata wapi?"

"Jua siku hiyo lilikuwa zuri," mumewe akajibu.

Macho akajitia kutafuta kitu kwenye mkoba.

Sasa dada hakuwa akitoka chumbani. Chakula walichompelekea kilirudi kama kilivyokwenda. Mashavu yalibonyea, mikono ikawa kama vijiti vya mwavuli, lakini mtoto alinawiri, ananyonya, anacheka, nywele zake zikipepea kwa pumzi ya mama yake. Nyumba ikaanza kunuka mwamba uliokauka maji yakishakupwa, chumvi na kitu kibichi, na kila walipopiga deki harufu ilirudi kabla sakafu haijakauka. Siku moja Macho aliingiza bakuli la uji juu ya vifuniko na akamkuta dada ameegemea ukuta, ule ukuta wa kijani, na mkono ulioegemea ulikuwa wa kijani. Dada alipouondoa ukutani, rangi ilitambaa ikarudi kuwa ya ngozi, taratibu, kuanzia kwenye vidole.

Uji ulimmwagikia Macho miguuni. Hakuhisi moto.

Alimkuta shemeji stoo ya mitungi, akijaza hewa. Kompresa, mashine ya kushindilia hewa mitungini, ilikuwa ikinguruma, ndiyo maana walithubutu kusema.

"Shemeji, unajua lile si ugonjwa."

"Sijui kitu. Kesho navunja ule upuuzi, namtoa mtoto, mke wangu anakwenda hospitali."

"Ukimtoa mtoto unamuua dada. Wakitoka wale, mama anakufa. Ndivyo walivyo."

"Walivyo akina nani?"

Shemeji alizima mashine, na katika ukimya ule wakaisikia, kutoka ng'ambo ya ua, kupitia kuta mbili: fuuu. Kimya. Fuuu.

"Nani alitoa yale makombe?" shemeji alinong'ona.

"Na taa aliishika nani?"

"Mimi nilikuambia tupande."

"Kidole ulikishusha mwenyewe, shemeji. Usinibebeshe mzigo peke yangu."

Mtoto alikuwa ameanza kutambaa. Hilo hakuna aliyelisema, lakini wote wawili walikuwa wakiliwaza. Dada angekufa kwa njaa nyuma ya vifuniko, au angekufa siku mwanawe atakapovuka kizingiti.

Mkunga mstaafu aliyekuwa akitibu watu wenye majini alikuja kesho yake asubuhi, kabla shemeji hajavunja kitu, miwani shingoni na kandambili mkononi, maana alizivua getini. "Hapa pana maji," alisema, ingawa sakafu ilikuwa kavu. Alijishusha akakaa chini, upande wa nje wa vifuniko, akipumua kwa shida kama mtu mnene anayepanda ngazi.

"Hodi, mama mwenye nyumba."

"Usiingie," sauti ilisema. Ilitoka kinywani mwa dada, ila midomo ilichelewa kidogo, ikaja baadaye.

"Siingii. Mimi kazi yangu ni kuwatoa watoto, si kuwaingilia. Wako wangapi?"

"Walikuwa wengi. Sasa ni mmoja."

"Huyo si wako."

"Na wangu si wao. Walifungua mlango wangu wapate mwanga. Wakapata. Mwanga ule ndio walioufuata samaki. Nilikuwa natazama."

Mkunga aliwageukia wale wawili waliosimama ukumbini. Aliziangalia nyuso zao, halafu akasonya.

"Mchuma janga hula na wa kwao," alisema. "Ninyi mmechuma, anayelishwa ni huyu."

Aliwapeleka uani, akaongea kwa sauti ya chini. Lililoingia nyumbani halikumtaka mtoto kwa ubaya, alisema, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Jini la chuki hufukuzwa, lakini hili lilimshika mama wa mtoto pale alipo na nguvu kuliko pote, kwenye umama wake, wakawa wanalinda pamoja. Dawa ilikuwa kurudisha mlango. Waende wakazibe pango kwa mikono ileile, naye angebaki na mgonjwa.

"Ila sikilizeni vizuri. Likianza kurudi kwake litamvuta na mwenzake. Mkisikia sauti ya mgonjwa wenu mle pangoni, msifunge. Mwiteni. Subirini atoke kwanza. Mnanielewa? Ndani abaki mmoja."

"Na kama hatoki?" Macho aliuliza.

"Mama hatoki haraka. Mtasubiri."

Walishuka jua likiwa kichwani. Maji yalikuwa maangavu, siku ambayo mpiga picha angemshukuru Mungu. Makombe yalikuwa bado yametawanyika mchangani pale alipoyatupa. Pangoni hapakuwa na kitu ila nyuzi chache za mayai yaliyopasuka, nyeupe, zikicheza.

Macho alipiga magoti, akaanza kuyapanga. La kwanza lilikaa. La pili likakaa. Kadiri ukuta ulivyopanda, maji ya pangoni yalizidi kuwa ya baridi, na kitu humo ndani kikaanza kuyasukumia kiganjani mwake, kikisukuma na kuacha, kwa mpigo alioujua tangu adhuhuri ile ya vifuniko. Akaendelea. Lilipobaki tundu moja la kutosha ngumi, alisikia mtu akiimba kwa kuguna, ule wimbo usio na maneno ambao dada yake humwimbia mtoto akinyonya, na ambao zamani alimwimbia yeye Macho alipokuwa na homa. Chini ya maji sauti haina upande, huja kutoka kila mahali kwa pamoja, kwa hiyo alijaribu kujiambia kwamba ni boti inayopita, kwamba ni damu yake masikioni, kwamba ni shemeji anayelia ndani ya kipumulio chake, mpaka alipoweka kiganja kwenye tundu na wimbo ukamtetemesha mifupa ya vidole, na vidole vingine, vyembamba, vyenye joto, vya mtu, vikagusa vyake kutoka ndani na kutulia pale, bila kumvuta, bila kumsukuma, kama mtu aliyeshikwa mkono kitandani akitaka kulala.

Alitakiwa amwite. Aliita, na kilichotoka kilikuwa mapovu. Alitakiwa asubiri. Shemeji akamshika bega, akamwonyesha saa ya hewa, mshale umeingia kwenye nyekundu, akanyanyua dole gumba. Tupande. Macho akatikisa kidole. Shemeji akanyanyua tena, macho yamemtoka nyuma ya kioo, na nyuma yake, pembezoni mwa mwanga, samaki walikuwa wameanza kukusanyika, wengi, wametulia, wote wakielekeza vichwa kwenye lile tundu.

Akavichomoa vidole vyake. Akachukua kombe la mwisho, akaziba.

Wimbo ukakatika.

Shemeji aliunda duara kwa vidole: sawa? Naye akajibu kwa duara: sawa.

Waliporudi, vifuniko vilikuwa vimelala chini ukumbini na Mkunga alikuwa akifunga kanga yake kuondoka. Harufu ilikuwa imekwisha. Dada alikuwa jikoni, amesimama, anakula wali mkavu kutoka sufuriani kwa mkono, anakula kama aliyetoka safari ndefu. Shemeji alipiga magoti akaikumbatia miguu yake. Dada alicheka, akamwambia anamlowesha gauni.

"Mliisikia sauti yake?" Mkunga aliuliza mlangoni.

"Mapovu tu," alisema shemeji.

Mkunga akamtazama Macho. Macho akatazama sakafu.

"Haya," Mkunga alisema taratibu, akavaa kandambili zake. "Mkifungua tena watatoka wote wawili, na safari hii mwili wa mgonjwa wenu hautavumilia. Mlichofunga mmekifunga."

Hawakuelewa, au walijitia hawakuelewa, mpaka jioni mtoto alipoamka. Alilia kilio cha kawaida cha njaa. Dada aliendelea kuosha vyombo, akivirudisha vifuniko rafuni kimoja kimoja, vizuri, kila kimoja juu ya sufuria yake. Kilio kikapanda. Maziwa yalikuwa yamelowesha gauni lake kifuani, madoa mawili makubwa, naye akayafuta kwa kitambaa cha vyombo kama aliyejimwagia maji.

Mtoto alitoka chumbani kwa mikono na magoti. Alivuka kizingiti, na hakuna aliyekufa. Akatambaa mpaka jikoni, akalishika gauni la mama yake, akajivuta kusimama kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Dada alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mtoto wa abiria mwenzake.

"Jamani, mzuri kweli," alisema. "Ni wa nani?"

Macho aliinama, akamnyanyua mtoto, ambaye alijitupa nyuma akimnyooshea mama yake mikono yote.

"Mama yake ametoka," Macho alisema.

"Mama gani huyo, anaacha mtoto na njaa." Dada alitikisa kichwa, akavitoa vile vidole vidogo kwenye gauni lake, kimoja baada ya kingine, bila kuviumiza. "Mpeleke chumbani, mdogo wangu. Kichwa kinaniuma."

Akawafuata nyuma mpaka mlangoni. Walipoingia akauvuta mlango, akaufunga kwa nje.