Kuume Yangu ao Kuume Yako?

Saa tatu asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, mtu alikuwa ameshatema kwenye beseni la kiti cha meno. Mate yenye damu, na katikati yake punje moja ya karafuu. Docta Emérence alilitazama beseni, kisha akamtazama Consolate, msaidizi wake.

"Ulisafisha jana?"

"Nilisafisha, Docta. Na funguo nililala nayo mi mwenyewe."

"Basi safisha tena."

Emérence ndivyo alivyokuwa. Kitu kikimtisha, ataamuru kisafishwe. Kliniki yake, chumba kimoja na ukumbi wenye benchi, ghorofani juu ya soko la Nyawera, ilisifika kwa utaratibu. Alikuwa ametoka semina na karatasi ya kanuni, akaibandika ukutani kwa mkono wake: Uliza jina. Uliza jino. Mgonjwa aliguse kwa kidole chake. Soma fiche, kadi ya mgonjwa, kwa sauti. Ndipo uchome ganzi. Aliwahubiria madaktari wenzake kanuni hizo mpaka wakamkimbia. Na kabla ya kila sindano alifanya ishara ya msalaba, bila kukosa.

Kanuni zilimponyoka mara moja tu, mwezi wa tano. Benchi lilijaa, umeme ulikuwa unakatika na kurudi, na kwenye kiti alikaa Zagabe, mchimba dhahabu wa Shabunda, shavu limevimba, karafuu imeshindiliwa kwenye jino bovu. Consolate aliandika sawasawa kwenye fiche: quarante-six, jino namba arobaini na sita, gego la chini, kuume kwa mgonjwa. Emérence hakusoma. Alimuuliza tu ni jino gani, Zagabe akajibu ni lile la chini, la kuume. Akachoma ganzi. Zagabe akahisi mdomo unakufa ganzi upande usiouma, akainua kichwa.

"Docta, kuume yangu ao kuume yako?"

"Fungua kinywa, papa. Watu banangoya."

Alikuwa amesimama mbele yake, uso kwa uso, na kuume kwake yeye kulikuwa kushoto kwa Zagabe. Jino lililotoka kwenye koleo lilikuwa zima, jeupe, halina tundu hata moja.

Angeweza kusema pale pale. Badala yake alichukua kalamu, akafuta quarante-six, akaandika trente-six, gego la kushoto, akamjaza Zagabe pamba mdomoni na kumwambia maumivu yataisha kesho. Zagabe akapanda gari la Shabunda. Usaha wa jino bovu ulimshuka shingoni, na siku ya tisa akafa. Mkewe, Rosalie, alikuwa akiuza sambaza, dagaa wa ziwani, sokoni, chini ya dirisha la kliniki. Kila siku Emérence alimsikia akiita wateja.

Baada ya mate yale, mambo hayakutulia. Mashine ya kunyonya mate ilikoroma wakati umeme haupo. Kiti kilijilaza chenyewe, polepole, kama kinavyolala kikibeba mtu mzito. Kisha ikaja ile iliyomtia hofu ya kweli. Alivaa glavu ya kushoto mkono wa kuume. Alishuka ngazi kwenda kwake Nyalukemba, akajikuta Nguba, ziwa liko mbele yake, hajui alikata kona wapi. Na siku ya Alhamisi, mvua ikipiga mabati, mgonjwa mmoja akiwa amelala kitini kinywa wazi, Emérence alipeleka koleo kwenye jino alilokuwa na hakika nalo, akaisikia harufu ya karafuu na ya usaha ikipanda kutoka kwenye mto wa kiti, na nyuma ya sikio lake sauti nzito ya mtu mwenye taya la ganzi ikauliza kile kile kilichoulizwa mwezi wa tano, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu, mpaka Consolate akamshika mkono na kuuvuta.

"Docta! Hii iko nzima! Bovu iko ng'ambo ya pili!"

Mikono hiyo ndiyo ilikuwa maisha yake. Jioni ile alilia mbele ya Consolate bila aibu.

Consolate alimleta Maman Virginie, mama wa sala anayeitwa kwenye nyumba zenye mizimu. Akasali saa nzima mbele ya kiti, jasho likimtoka, kisha akafunga rozari mkononi.

"Huyu hatafuti sala yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Iko anauliza kitu, na hakuna mutu anamujibu. Mujibu mbele ya bibi yake. Umujibu kweli yote, Docta. Ukibakisha, hatatoka. Ataingia."

Rosalie, mjane wa Zagabe, akaitwa kutoka sokoni, akapanda ngazi, mikono ingali inanuka samaki. Mlango ulikuwa wazi, benchi limejaa wagonjwa.

"Jino tuling'oa, haikuwa yenyewe," Emérence akasema. "Bovu ilibakia."

Rosalie akakaa chini sakafuni. "Iyo jino njo ilimuua?"

"Njo hiyo, maman."

"Nani alikosa?"

Emérence aliona nyuso za wagonjwa, akaona jina lake kwenye mlango.

"Consolate aliandika mubaya ku fiche."

 Consolate alivua koti lake jeupe la kazi, akalitundika msumarini.

"Kalamu ilikuwa mu mukono yako, Docta," akasema, akashuka ngazi.

Mara harufu ya karafuu ikakatika kwenye kiti. Kiti kikainuka taratibu, kama kinavyoinuka mtu akishuka. Maman Virginie alikitazama, akamtazama Emérence, akaondoka bila kuaga. Emérence yeye alipumua. Aliamini yamekwisha.

Wiki tatu zikapita shwari. Glavu zilimkaa vizuri, alifika kwake bila kupotea. Asubuhi moja akaingia Maman Françoise, mwalimu wa katekisimu, akalala kitini. Emérence alisoma fiche kwa sauti, akajaza sindano, akafanya ishara ya msalaba.

Mwalimu yule akamkodolea macho.

"Docta, juu ya nini unafanya musalaba na mukono ya kushoto?"

Emérence aliutazama mkono wake. Ulikuwa wa kuume. Angeapa. Akafungua kinywa kumwambia hivyo, na harufu ya karafuu ikatoka ndani ya kinywa chake mwenyewe, na sauti nzito, ya mwanamume mwenye taya la ganzi, ikamtangulia:

"Kuume yangu, maman, ao kuume yako?"