Hatua ya Nne

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pembeni cha pikipiki.

Ya pili ilipita karibu na sikio la Shemeji, karibu kiasi cha kupeana salamu.

Hakuitikia. Aliinamia tangi la Yamaha yake, akakata kona na kujitosa kwenye uchochoro wa madobi. Nyuma yake Land Cruiser nyeupe ilinguruma. Aliyetoa bastola dirishani ni mfanyabiashara wa kigeni aliyeitwa Meno, kwa dhahabu aliyojaza kinywani.

Shemeji alipita chini ya mashuka kumi na saba yaliyoanikwa. Alitokea upande wa pili amevaa la kumi na nane.

Land Cruiser ikajaribu kumfuata. Ikakwama kati ya kuta mbili kama kizibo kwenye chupa.

"Shuka langu!" dobi akapiga kelele.

"Nitalirudisha limepigwa pasi, mzee wangu!"

Saa tano kasorobo asubuhi. Hawakumwona uso, maana alivaa helmeti. Bahasha ilikuwa salama ndani ya koti.

Ofisini walimwita Shemeji kwa sababu aliweza kuingia nyumba ya yeyote na asitoke kabla ya kukaribishwa chai. Ila nyumba aliyotoka nusu saa iliyopita hakukaribishwa hata kiti. Ilikuwa ya karani wa mizani wa stesheni ya mizigo. Mke wa karani alimpa ile bahasha mlangoni, huku Land Cruiser ikivizia mtaani.

"Ulisema maswali mawili matatu, atarudi kula," alimwambia. "Leo siku ya sabini. Mwenzangu, huyo mtu anakula wapi?"

Shemeji aliitia bahasha kotini. Yeye mwenyewe ndiye aliyemkamata.

Ndani ya bahasha mlikuwa na stakabadhi sita za mizani. Masanduku yaliandikwa "dawa za hospitali", lakini kila moja lilikuwa na uzito mara nne ya sanduku la dawa. Karani alikuwa kazini miaka ishirini na mbili. Alijua vidonge havilalamishi mizani namna ile. Zilikuwa bunduki za Meno, zikipelekwa kwa adui. Karani akatoa taarifa. Kesho yake faili likasema jasusi ni karani.

Na nyuma ya kila stakabadhi kulikuwa na kibali cha kupitisha mzigo. Sahihi ilikuwa ya Mjomba.

Mjomba alikuwa mkuu wa Ofisi ya Dharura. Bosi wake Shemeji.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Redio ya Motorola ikakoroma kiunoni.

"Shemeji. Maziwa yanachacha saa sita."

"Nimekupata, Mjomba. Dawa ni ileile?"

"Ileile. Unayo mfukoni, nimeshaitia sahihi. Kesho hatutaihitaji tena."

"Sawa."

"Na kuna pikipiki imewatoroka wageni wetu. Umesikia chochote?"

"Mjini hapa pikipiki ni nyingi kuliko nzi, Mjomba."

Redio ikakoroma tena.

"Nimewaambia wakija waje hapo langoni kambini. Wakusaidie kubeba."

Maziwa ni mahabusu. Dawa ni amri mpya ya kumfunga. Tangu vita vianze, Sheria ya Dharura ilimruhusu Mjomba kumweka mtu ndani siku kumi na nne bila shtaka, bila wakili, bila hakimu. Siku ya kumi na nne lazima aachiwe.

Basi walimwachia.

Lango lilifunguliwa, mahabusu akatia sahihi kitabuni, akatoka hatua tatu. Pale nje Shemeji akamsomea amri mpya. Akarudishwa ndani. Sheria imefuatwa, kila mtu akale.

Shemeji alikuwa amemsomea karani mara tano, ukihesabu na siku ya kumkamata. Leo ingekuwa ya sita, na ya mwisho, maana saa nane mchana Bunge lingepiga kura kufuta ule ukomo wa siku kumi na nne. Likipitisha, lango halitafunguliwa tena. Na stakabadhi bila karani aliyeziandika ni karatasi za kufungia maandazi.

Mara zile tano Shemeji alijiambia kuna vita, maswali ni baadaye. Hiyo baadaye ilikuwa imefika, na aliiona ina uso mbaya.

Saa sita kasoro dakika moja aliegesha mbele ya kambi ya mahabusu.

Mkuu wa kambi alikuwa ameshasimama na kitabu kwapani. Wote walimwita Kanuni. Aliwahi kumrudisha waziri kwa kukosa kitambulisho. Mwezi uliopita Shemeji aliruka neno moja la amri, akalazimishwa kuanza upya. Mpaka neno la mwisho lisomwe, alisema Kanuni, huyo nje ya lango ni raia, na raia haguswi kwangu.

"Nusura uchelewe," Kanuni alisema.

"Nusura haiko kwenye sheria, Afande."

Kanuni alifikiri. "Kweli haipo."

Lango likafunguliwa.

Karani alitoka na shati la siku ile ile aliyokamatwa, sasa likimpwaya kama la kaka yake. Akatia sahihi. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Akasimama.

Hakuna aliyemwambia. Aligeuka mwenyewe, akaelekea lango, akaweka mikono nyuma, tayari.

Shemeji alipigana na risasi maisha yake yote. Hakuna iliyowahi kumwingia kama hiyo.

Land Cruiser ilitokea kwenye kona, ubavu wote umechubuka. Meno akaiona Yamaha, isiyo na kioo.

"Ile pikipiki!"

Shemeji akakunjua amri. Akaanza kusoma kwa sauti ya kusikika. "Kwa mamlaka niliyopewa na Sheria ya Dharura..." Kisha akashusha sauti. "Karani, geuka, piga hatua nyingine."

"Huwa ni tatu."

"Leo kuna ya nne."

"Sauti yako naijua," karani alisema bila kugeuka. "Hata usingizini inanisomea."

"Najua. Mkeo amenipa stakabadhi. Tembea, ndugu yangu. '...mimi, Mkuu wa Ofisi ya Dharura, baada ya kuridhika...' Tembea!"

Karani aligeuka, akautazama mguu wake kama wa mtu mwingine.

Ukaenda.

Meno alisharuka chini, bastola mkononi. "Mkamateni huyo! Na huyo msomaji!"

Kanuni akanyoosha mkono. "Amri haijamalizika. Huyo ni raia. Wewe je, silaha mita arobaini kutoka kambini, kibali kiko wapi?"

"Mimi ni mgeni wa Mjomba!"

"Sijakuuliza ni mgeni wa nani. Kifungu cha tisa." Akapuliza filimbi.

Bunduki ishirini na nne za walinzi zikainama kutoka ukutani. Meno akafunga mdomo, dhahabu yote ikapotea.

Yamaha ikawaka. Karani akashika koti la Shemeji kwa mikono miwili.

"'...kwa sababu za usalama wa taifa...' Afande, nitamalizia njiani!"

Kanuni alifunua kitabu chake, ukurasa, ukurasa mwingine.

"Sheria haisemi msomaji asimame," alisema.

Bungeni karani aliongea dakika kumi na mbili. Aliitaja mizigo yote sita kutoka kichwani, kilo kwa kilo. Ukomo wa siku kumi na nne ulibaki kwa tofauti ya kura tisa. Sheria yenyewe pia ilibaki. Hiyo hakuna aliyeigusa.

Kwenye korido mwenyekiti wa kamati ya ulinzi, mama mwenye miwani mizito, alimpa Shemeji karatasi. Amri ya dharura. Jina lililojazwa lilikuwa la Mjomba.

"Msomee. Kumi na nne. Tutaongeza."

"Mama, nataka hati ya hakimu. Yenye shtaka."

"Hiyo mpaka kesho kutwa. Atatoroka! Unamhurumia?"

"Ningemla mbichi."

Karani aliinuka kwenye benchi. "Lete nimsomee mimi. Naijua yote." Na akaanza kuisema, neno kwa neno, macho makavu, bila kuruka hata moja.

Shemeji aliishika ile karatasi kwa muda mrefu. Kisha akamrudishia mama.

"Siku sabini, shemeji," karani alisema.

"Ndiyo. Nimezisoma mwenyewe."

"Akitoroka je?"

Shemeji aliangaza korido. Akachukua kiti kilichokuwa ukutani, akakipima uzito, akakiweka begani.

"Unakwenda wapi na kiti cha Bunge?" mama akauliza.

"Mlangoni kwa Mjomba. Hati ikija, mtanikuta nimekaa."

Akashuka ngazi taratibu, kiti begani, bastola yake ya Beretta kiunoni, bila kugeuka.